Mkebe ya Kuku, Tairi ya Kushoto

Wewe umewahi kuona mwanamke anakunywa chai huku analia, na chai yenyewe imewekwa sukari vizuri, na watu wamejaa hapo wanacheka mpaka wanashikana mabega? Mimi niliona. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, mtoto yake iko mgongoni yangu, na mimi pia nilicheka. Usiniangalie hivyo. Ngoja kwanza nikuambie, halafu utasema mwenyewe kama hungecheka.

Hii maneno ilirudi juzi, siku tulizika mzee ya nyumba yangu, arap Korir, hapa juu ya Silibwet. Hema ilijaa mpaka wengine wakasimama kwa mahindi. Mmoja anashika maikrofoni anasema, huyu mzee alikuwa fundi ya watu wote. Mwingine anashika, anasema gari ya mtu haikulala imeharibika kwa arap Korir, hata kama mwenyewe hana kitu. Mimi nilikuwa mbele kwa kiti ya plastiki, nimejifunika leso, na hiyo leso nikaisukuma mdomoni ndiyo nisicheke. Kina mama wa kanisa wakaona mabega inatingika, wakasema, maskini, analia, wakaniletea maji. Chebet peke yake ndiye hakudanganyika. Chebet ni mjukuu yangu, anafundisha shule hapo Bomet. Watu walipomalizika akaja jikoni, akafunga mlango, akaketi kwa kile kiti kifupi, akaniuliza, "Kogo, ulikuwa unacheka nini?" Basi nikamwambia, vile nakuambia sasa. Ya nyumbani kwetu tuiache, ni ile ile ya kila mtu: msichana akikua kidogo anatafutiwa kazi, na mimi nikatafutiwa. Ilikuwa wakati ya Emajensi, wazungu wanapigana na Mau Mau ya Wakikuyu. Nikapelekwa huko mashamba ya chai, upande wa Kericho, nikawe yaya kwa nyumba ya dereva.

Dereva alikuwa anaitwa Ndirangu. Mkikuyu, mrefu, koti yake ilikuwa na vifungo zote, na siku hizo kuendesha lori ilikuwa kama sasa kuwa na ndege. Ndiyo maana alipewa nyumba ya mawe, chumba moja na jikoni, na sisi wengine kule kwa laini, makao ya wachumaji, watu walikuwa wanalala kwa vibanda ya duara. Ile chumba naiona mpaka leo. Ukuta ilibandikwa magazeti, na kwa sababu hakuna mtu alikuwa anasoma, wazungu wengine wa picha walikuwa wamesimama kichwa chini. Kuna meza, kitambaa ya kushona maua, na kikombe nne za bati nyeupe na maua ya samawati zinaning'inia kwa misumari. Harufu ilikuwa ya petroli, na ya mafuta ya mbariki. Mbariki ni ile mbegu ya madoa madoa. Wakikuyu walikuwa wanaikaanga, wanaitwanga, wanaichemsha mpaka inatoa mafuta, wanapaka mtoto anang'aa kama kiatu. Kuitwanga ilikuwa kazi yangu. Kulala, nililala jikoni na kuku. Hao kuku walikuwa na mkebe yao ya maji, mkebe ya mafuta ya kupika iliyokatwa mdomo, na usiku walikuwa wananikanyaga wakienda kunywa.

Mke yake tulimwita Mama Wairimu, kwa sababu mtoto ya mgongoni yangu ndiye Wairimu. Alikuwa mzuri wa uso, na ulimi yake ungeweza kunyoa mtu. Mimi nina jina, mama yangu alinipa, lakini kwa hiyo nyumba nilikuwa naitwa Wewe. Wewe, chota maji. Wewe, mtoto analia. Wakati ya chakula Ndirangu alikuwa anakula kwanza, halafu mama, halafu mimi napewa ile maji ya maharagwe. Mama alisema watu wetu, Wakipsigis, wamezoea maziwa, maharagwe yenyewe itaniumiza tumbo. Alisema hivyo na huruma, kama daktari. Lakini nilijifunza Kikuyu haraka sana, kwa sababu mtu akikutukana kila siku unataka kujua anasema nini.

Sasa, hiyo lori. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule, pua yake ndefu, mlango moja imefungwa na waya. Kazi yake ilikuwa kuchukua majani kutoka banda ya kupimia, huko juu, kuteremsha mpaka daraja ya mto, halafu kupanda tena kwa kiwanda. Ikaanza kuvuta kwenda kushoto. Ndirangu akikanyaga breki, tairi ya mbele ya kushoto inashika, na akitoa mguu, haiachii. Inaendelea kushika tu, kidogo kidogo, mpaka chuma inakuwa moto na inatoa harufu kama pembe ya ng'ombe ikiungua. Mvua ya mawe ikipita, watoto wa laini walikuwa wanakimbilia lori kuota mikono kwa hiyo tairi. Kwa mlima lori ilikuwa inalia kama imefungwa mti nyuma. Inachelewa. Na majani ya chai ikikaa kwa gunia inapata joto, inakuwa nyekundu, kiwanda inaikataa. Basi nyapara anamwaga kwa mtaro, na siku ya wachumaji inamwagika nayo. Mwanamke ameamka gizani, amelowa mpaka mfupa, vidole zimekatika, halafu anaona kikapu yake inatupwa kwa sababu ya tairi ya mtu.

Bwana mzungu mwenye kusimamia shamba tulimwita Kofia Mbili, maana alivaa kofia moja juu ya ingine, hata ndani ya nyumba. Huyo akamwambia Ndirangu mbele ya watu, na kile Kiswahili yao ya kukata, "Majani naharibika tena, mimi napasua pasi yako." Akaenda zake. Unajua pasi ilikuwa nini kwa Mkikuyu siku hizo? Sisi wengine tungeweza kufukuzwa kazi tukarudi nyumbani kukamua ng'ombe. Yeye, bila hiyo karatasi, lori ya askari inakuja, anapandishwa, anapelekwa kwa kambi ya waya, na wewe ukibaki usimuulize. Kila mtu pale alijua. Hiyo karatasi ilikuwa mfukoni ya shati, na alikuwa anaigusa kama mtu ana kidonda.

Ndiyo fundi akaitwa. Fundi ya shamba alikuwa kijana mmoja wa kwetu, mweusi, kimya, meno yake mazuri: arap Korir. Ndiyo, huyo huyo. Huyo tumezika.

Alikuja asubuhi na spana zake kwa gunia. Lakini kabla hajaanza Ndirangu akasema huwezi weka fundi chini ya gari na tumbo kavu, aingie anywe chai. Akaingia, akaketi kwa ukingo ya benchi. Mama Wairimu akatazama zile kikombe nne kwa ukuta. Akatazama mikono ya fundi, imejaa oili. Halafu akaenda jikoni, akapita mimi, akainama, akachukua mkebe ya kuku, akamwaga maji, akaweka chai. Akampelekea na mikono mbili, kwa heshima, unaona, na akamwambia bwana yake kwa Kikuyu kwamba hawa wa ng'ombe wamezoea kunywa maziwa kwa kibuyu iliyopakwa majivu, kwake hii ni kikombe ya Jumapili. Na Ndirangu akacheka. Hakuwa mtu mbaya, lakini alicheka mpaka akakohoa. Hakuna mtu alikuwa amewaambia kwamba arap Korir alifanya kazi ya reli kule Londiani na Wakikuyu, akala nao, akalala nao, anasikia Kikuyu kuliko mimi. Niliona masikio yake tu. Akatoa unyoya kwa chai na kidole moja, akaiweka kwa meza, juu ya ua la kitambaa. Akanywa yote. Akasema, "Kongoi, mama," hiyo ni asante ya kwetu. Akatoka akaenda chini ya lori.

Sasa hapa nitakueleza mambo ya breki, na usishangae nimejulia wapi. Mwanamke wa fundi anasikia spana mpaka kwa ndoto. Walipiga jeki, tairi ikainuka. Arap Korir akaizungusha na mkono: ngumu. Basi akalegeza viatu ya breki kwa ndani, ikawa laini, watu wakapiga makofi, Ndirangu akateremka nayo akiimba. Kufika daraja ikashika tena. Kesho yake akasema ni springi, imechoka, hairudishi viatu. Akaenda kwa lori iliyokufa nyuma ya kiwanda, akatoa springi, akaweka. Ikashika. Akasema labda ni bearingi. Akafungua, akapaka grisi, akafunga. Ikashika. Akasema basi ni ile pampu ndogo ya ndani ya tairi, akaitoa, akaisafisha na kitambaa kama anasafisha mtoto. Ikashika. Kila siku anasema, "Sasa tujaribu," na sauti ya upole, na kila siku majani inamwagwa kwa mtaro. Ndirangu alianza kumwita kijana. Halafu akamwita ndugu. Halafu bwana fundi. Mwisho alikuwa anamwita mzee, na ni yeye ndiye alikuwa mkubwa.

Na wachumaji hawakumwachia. Lori ikipita polepole kwa mlima, wanawake wetu na magunia yao ya kuzuia mvua walikuwa wanatembea kando yake, kwa miguu, wanaipita, wanaimba kwa Kipsigis: dereva ameoa lori, bibi hataki kwenda, anavuta mguu arudi kwa mama yake. Mmoja alikuwa anatembea na mguu moja kavu, anachechemea, wengine wanaanguka kwa chai wakicheka. Ndirangu hakusikia lugha, lakini kuchechemea alielewa. Nyumbani aliacha kuongea lori wakati wa kula. Alikuwa anakula akitazama wazungu wa kichwa chini. Mama Wairimu naye akazidi kunipiga, kwa sababu mtu akiogopa mkono yake inatafuta mtu mdogo.

Siku moja mvua ya mawe ikanishika njiani na Wairimu mgongoni, nikajibanza kwa mabati ya gereji. Ndani alikuwa arap Korir na rafiki yake wa stoo, wanachoma mahindi. Mawe ilipoisha kupiga mabati, nikasikia yule wa stoo anamuuliza, hivi kweli hiyo lori imekushinda? Arap Korir akatafuna kwanza. Akasema, "Ugonjwa yake nilijua ile siku ya kwanza. Ni kitu ya kumaliza kabla jua haijageuka."

"Na mbona humalizi?"

"Sijamaliza kunywa ile chai."

Yule wa stoo alicheka mpaka akapaliwa na mahindi. Mimi nikakimbia nyumbani, nikamwambia Mama Wairimu neno kwa neno. Nilidhani atanipenda. Alichukua mwiko akanipiga nayo, mara ya kwanza kwa kusikiliza watu wazima, na mara ya pili, hiyo nilielewa mwenyewe, kwa sababu ilikuwa kweli. Akaniambia nikithubutu kumwambia Baba Wairimu nitalala nje na fisi. Yeye kumwangukia mtu wa kunywa kwa mkebe? Bwana Kofia Mbili anajua kazi ya mume wake. Hatapasua pasi kwa sababu ya tairi.

Kumbe tairi haikuwa inangoja yeye aamue. Kila mara arap Korir akifungua fungua, mafuta ya breki inamwagika kidogo, na siku moja stoo ikasema imeisha. Ndirangu akachukua mkebe mtupu ya hiyo mafuta ya breki, akanusa. Akanusa tena. Akaniita mimi, akaniwekea kwa pua, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia, ni mbariki. Na ilikuwa mbariki! Mafuta ya breki ya siku hizo wazungu walikuwa wanaitengeneza na hiyo hiyo mbegu, wanachanganya na pombe ya spiriti ndiyo iwe nyepesi. Hiyo ya spiriti pua haikutuambia. Alifurahi kama mtoto. Kumbe dawa iko nyumbani! Akachukua kibuyu ya mafuta ya Wairimu, ile nilitwanga na mikono hii, akachuja na leso yake safi, akamimina kwa lori. Jioni hiyo, lori bado ina joto, ikaenda vizuri vizuri. Mama Wairimu alipika mukimo, na mimi nikapewa mukimo pia, kijiko nzima. Waliongea mpaka usingizi ikanichukua, wanasema huyo fundi atajua hajui.

Lakini asubuhi ya kule si asubuhi ya kuchezea. Ukungu imekaa kwa chai kama pamba, mvua ndogo, baridi ya kuuma meno. Mbariki peke yake kwa baridi inakuwa kama asali. Ndirangu akabeba majani ya kwanza, akateremka, akakanyaga breki hapo kabla ya daraja. Ile mafuta nzito ikasukumwa ikaenda kwa tairi, na kurudi ikakataa kabisa. Tairi ya kushoto ikakufa papo hapo, lori ikajigeuza, ikalala mshazari kwa daraja kama ng'ombe amekataa zizi. Hakuna kitu ingepita. Majani yote ya hiyo asubuhi ilibaki ng'ambo kwa magunia, ikapata joto, ikawa nyekundu, yote.

Kofia Mbili alifika na farasi. Akafungua kifuniko ya mafuta ya breki, akaweka kidole, akanusa, akaona vile inavutika. Akauliza, "Nani natia hii?" Na Ndirangu, na ile furaha ya jana bado imembakia kidogo, akasema ni yeye, akaanza kueleza kwamba ni sawa sawa na ile ya stoo. Hakumaliza. Mkikuyu ametia mafuta ya nyumbani kwa lori ya mzungu, wakati ile! Bwana akasema hiyo ni mafuta ya kiapo ya Mau Mau, huyu anataka kuua lori, akatoa ile pasi kwa mfuko ya shati na mkono yake mwenyewe. Hakupasua. Aliweka kwa kofia, kati ya ile ya juu na ile ya chini. Halafu akamgeukia arap Korir, akamuuliza kama ni haya mafuta yameharibu gari ama kuna ugonjwa ingine. Arap Korir akasema lazima avute lori gereji aangalie. Bwana akasema sawa, askari watapita baada ya chakula, atataka jibu. Basi unaona. Maisha ya mtu ilikuwa imekaa kwa mdomo ya fundi, mpaka saa ya askari.

Mama Wairimu aliposikia hakulia. Alinawa uso, akavaa rinda la kanisa, akachemsha chai ya maziwa, akatia sukari mpaka ikazidi. Akatoa moja ya zile kikombe za maua kwa msumari. Tukateremka gereji, yeye mbele na kikombe imefunikwa na sahani, mimi nyuma na mtoto. Wachumaji wote walikuwa hapo, hawana majani ya kupima, hawana kazi, wamekaa kwa ukuta wanangoja kuona mtu akichukuliwa. Ndirangu alikuwa ameketi kwa jiwe, nyapara amesimama juu yake.

Arap Korir alitoka chini ya lori, akapangusa mikono. Akatazama ile kikombe vizuri.

"Karibu, Mama Wairimu. Kikombe nzuri sana hiyo. Na mkebe yangu iko wapi?"

"Mkebe gani, baba?"

"Ile yangu. Nimeizoea."

Mama Wairimu akaniambia bila kugeuka, "Wewe, kalete." Nikakimbia na mtoto akiruka ruka mgongoni. Nikamwaga maji ya kuku. Kuosha sikuosha. Hakuna mtu aliniambia nioshe. Arap Korir akachukua kikombe ya maua, akamimina chai yote kwa mkebe, polepole, kama anapima dawa, halafu akampatia na mikono mbili, na heshima ile ile. "Kunywa wewe, mama. Umechoka." Akanywa. Machozi ilikuwa inaingia kwa chai, na wanawake wa ukuta wakaanza. Mmoja akasema, polepole dada, usimeze unyoya. Mwingine akasema, mmwagieni na mahindi. Mwingine akalia kama kuku anataka kutaga, na hapo ndiyo watu walishikana mabega, na hapo ndiyo mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimekunywa maji ya maharagwe mwaka karibu mzima na hiyo ndiyo nyama yangu ya kwanza. Alimaliza. Akapindua mkebe, watu waone hakuna kitu. Akasema, "Fundi, sasa mwambie Bwana."

"Kongoi," arap Korir akasema. Akapangusa kikombe ya maua na kitambaa yake safi, akamrudishia.

Askari walikuja. Kofia Mbili akauliza lile swali lake. Arap Korir akatazama mikono yake, akasema, "Bwana, mimi ni mtu ya spana. Mambo ya mafuta ya hawa watu sijui." Basi. Hakuongeza hata moja. Wanawake waliacha kucheka, nakumbuka hivyo, waliacha kama redio imezimwa. Ndirangu alisimama mwenyewe kabla hajashikwa. Hakuangalia askari, hakuangalia mke yake. Aliangalia tairi, halafu akamwangalia arap Korir, akasema, "Angalau niambie ilikuwa nini." Arap Korir alikuwa anapanga spana kwa gunia, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa. Wakampandisha.

Moshi ya lori yao haijapotea, arap Korir akaniita, akasema nipande kwa lori nimkanyagie breki, kwa sababu mtu moja hawezi kufanya hiyo kazi. Mtoto alikuwa ameenda na mama yake. Nikapanda. Sikuwa nimewahi kuketi kwa gari, na kusema kweli, moyo yangu iliruka kwa furaha, hata siku ile. Alikuwa chini huko, kwa tairi, ananiambia, "Kanyaga. Shika. Achia." Akaniita nishuke nione. Nyuma ya tairi kuna kaskrubu kadogo ka kutoa hewa. Akakafungua kidogo: mafuta ikaruka kama mkojo ya ndama, na tairi, ile tairi, ikazunguka yenyewe laini kabisa. Akaniambia hapo ndiyo aliona, ile siku ya kwanza, tumbo bado ina joto ya chai ya kuku. Mafuta inaingia, hairudi. Basi ugonjwa haiko kwa tairi, iko njiani. Kuna paipu fupi ya mpira, inatoka kwa mwili wa lori inaingia kwa tairi. Nje nzuri, nyeusi, hata haina ufa. Akaifungua, akaipasua na kisu mbele yangu: ndani mpira imevimba imefunga, tundu yenyewe sindano ingepita kwa shida. Mguu wa dereva una nguvu, unasukuma mafuta inapita. Kurudi hakuna wa kuisukuma. Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Alikuwa na ile ingine tayari mfukoni, aliitoa kwa lori iliyokufa siku ile ile alitoa springi. Akafunga, akaosha njia yote na spiriti, akatia mafuta mpya, ambayo stoo ilikuwa nayo siku zote. Nikakanyaga, nikashika, nikaachia. Jua haikuwa imegeuka sana.

Kesho yake Mama Wairimu aliambiwa atoke kwa nyumba, na ni hiyo lori ilimpeleka stesheni ya Londiani apande gari ya moshi na wenzake wanaorudishwa kwao. Ilikuwa inaenda kama maji, dereva mpya anashika usukani na mkono moja. Nilimfungia vitu, nikamtwika mtoto. Kibuyu ya mbariki aliivunja kwa mlango. Nikamwambia, mama, haikuwa mafuta, nimeona na macho, ilikuwa... Akaniambia, "Wewe, nyamaza." Hilo ndilo neno la mwisho nilisikia kutoka kwake. Alienda akijua ni mafuta ya nyumba yake ndiyo ilifunga mume yake. Ndirangu sikusikia tena kama alitoka kwa waya ama hakutoka.

Na mimi niliolewa na arap Korir. Alikuja kwa baba yangu na ng'ombe, na nilikubali, kwa sababu wasichana wenzangu walikuwa wanaolewa na watu hawajui wako namna gani, na mimi wangu nilimjua mpaka chini. Siku moja tukiwa bado vijana nilimuuliza, yule mama alikunywa mkebe yote, mbona hukusema? Alikuwa anavua viatu. Akasema, "Mama alilipa mkebe. Bwana yake alikuwa hajalipa kicheko." Basi, akalala. Lakini tangu hapo, na hii uandike, gari ya mtu haikulala kwake kweli. Usiku, mvua, adui yake, mlevi, alikuwa anaamka. Hao wa maikrofoni hawakudanganya. Mimi nilicheka kwa sababu walikuwa wanasifu mti na hawajui imepandwa juu ya nini.

Chebet hakucheka mahali popote. Hata pale kwa unyoya, mahali kila mtu anacheka. Chai yake ilipoa mkononi. Akaniuliza yule mtoto jina kamili ni nani. Nikamwambia, Wairimu wa Ndirangu, kama yuko hai sasa ni nyanya ya watu, na ana alama ya moto kwa mguu, hiyo si mimi, ni sufuria. Akaandika kwa simu. Akasema, "Kogo, nitamtafuta. Nyeri, Murang'a, popote. Na nikimpata nitamwambia haikuwa mafuta ya mama yake. Nitamwambia ilikuwa paipu." Nikamwambia vizuri, mtafute, mwambie, lakini usimwambie wewe ni mjukuu wa nani, kwa nini ujiletee maneno.

"Hapana, kogo," akasema. "Hiyo ndiyo nitaanza nayo."